Mwongozo kamili: kukata mabomba ya PVC yatoe nota sahihi, na wapi usimame ili usikike

Wadau, swali la kwa nini mabomba ya PVC yanayopigwa kama ala ya muziki hayatoi nota sahihi nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeona bora niandike mara moja tumalizane. Mtu ananunua bomba, anachukua fomula ya fizikia ya fomu faivu, anakata vipande nane vya do re mi kwa ajili ya watoto wa sande skuli, anapiga, halafu do inasikika kama ti iliyochoka na do ya juu haifanani na kitu chochote. Hapo ndo anaanza kulaumu: mara bomba feki, mara "Arusha tuko juu hewa nyepesi".

Bomba halina shida na hewa haina shida. Shida ni kwamba ile fomula inaamini sauti inaishia pale plastiki inapoishia, na haiishii pale. Hewa ya ndani ikitikisika inasukuma na kipande cha hewa cha nje ya mdomo, hicho nacho kinatikisika pamoja nayo kama mkia, kwa hiyo bomba la hewa ni refu kuliko bomba la plastiki. Seti yangu ya kwanza nilikata nikiwa sebuleni Sakina, Arusha, Julai, baridi ile, na niliharibu mita sita nzima kabla sijaelewa hii kitu moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Bomba moja la PVC la mita 6, inchi moja na nusu. Chagua lenye ukuta mwembamba, linaimba vizuri zaidi likipigwa. Vipande vyote nane vinakula kama mita 3.6, kwa hiyo una akiba ya kukosea.
- Msumeno wa chuma, msasa, tepu, maka peni.
- Kipimajoto. Hata kile cha ukutani kinatosha.
- Simu mbili. Moja iwe na app inayoonyesha spektra ya sauti (grafu ya frikwensi zipi zina nguvu), mimi natumia phyphox, ni ya bure, imetengenezwa na chuo cha RWTH Aachen kule Ujerumani, na ina mpaka sehemu ya kutoa toni.
- Spika ndogo ya blututhi kwa majaribio ya mwisho.
- Blanketi lililokunjwa, boksi kubwa la kadibodi, ndoo ya lita 20 yenye maji.
- Karatasi ngumu na gundi ya utepe. Hii usiidharau, utaona mwishoni.

Kijana wa dukani alinitazama navyopima-pima akauliza, "Mwalimu, sasa vipande vifupi hivi unaunganisha choo cha nani?" Mwambie tu ni kinanda, atacheka, endelea.

## Hatua ya 1: Pima upana wa ndani, na joto

Usiamini kilichoandikwa kwenye bomba. Kile ni kipimo cha kibiashara, sio upana halisi wa ndani. Weka tepu kwenye mdomo upime kutoka ukingo wa ndani mpaka ukingo wa ndani. Langu lilikuwa milimita 46, kwa hiyo nusukipenyo ni 23. Mifano yote hapa chini inatumia 23, wewe weka ya kwako.

Joto nalo soma kwenye chumba unachofanyia kazi. Spidi ya sauti hewani ni 331.3 ukijumlisha 0.606 mara joto la sentigredi. Kwa nyuzi 20 inakuja mita 343.4 kwa sekunde.

Na hapa nimalize ile hadithi ya mwinuko. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini zaidi, na ni kweli hewa ya Arusha ni nyepesi kidogo. Lakini spidi ya sauti haijali hilo, kwa sababu hewa ikipungua presha inapungua uzito pia, vinafutana. Inachojali ni joto. Kwa hiyo tofauti ya Moshi na Arusha ipo, ila inatoka kwenye joto na sio kwenye wepesi wa hewa.

Utajua umefaulu: una namba tatu kwenye karatasi: joto, spidi, nusukipenyo.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya urefu, ukitoa mkia

Bomba lililo wazi pande zote mbili: gawa spidi kwa mara mbili ya frikwensi ya nota (mitikisiko kwa sekunde, yaani Hz). Hiyo inakupa urefu wa HEWA. Halafu toa mikia miwili, mmoja kwa kila mdomo. Kila mkia ni 0.61 mara nusukipenyo. Kwa bomba langu ni milimita 14 kila upande, jumla 28.

Hiyo 0.61 haikuokotwa. Mwaka 1948 Levine na Schwinger waliikokotoa kamili kwa bomba la mviringo lenye ukuta mwembamba, ikatoka 0.6133. Huyo Schwinger ndiye aliyekuja kupata Nobel ya fizikia 1965 kwa mambo mengine kabisa. Tuendelee.

Kwa nyuzi 20 na bomba la ndani milimita 46, plastiki inakuja hivi:

- do (262 Hz): 628 mm
- re (294 Hz): 557 mm
- mi (330 Hz): 493 mm
- fa (349 Hz): 464 mm
- so (392 Hz): 410 mm
- la (440 Hz): 362 mm
- ti (494 Hz): 320 mm
- do ya juu (523 Hz): 300 mm

Sasa ona wengi wanapoangukia. Ukisahau mikia, do unaikata 656 na inatoka 251 Hz badala ya 262, yaani imeshuka kama senti 72 (senti hapa ni kipimo cha tofauti ya nota, nusu toni nzima ni senti 100). Hiyo peke yake ungeivumilia, ungesema basi tuimbe chini kidogo. Lakini do ya juu ukiikata 328 inatoka 482 Hz badala ya 523, imeshuka senti 141! Mkia ni uleule milimita 28, ila kwenye bomba fupi ni sehemu kubwa zaidi. Ndo maana seti iliyokatwa kwa fomula tupu haigombani na kinanda peke yake, inagombana yenyewe kwa yenyewe, na hakuna mwalimu wa kwaya atakayeiokoa.

## Hatua ya 3: Kata kwa ziada ya milimita 10

Weka alama ya maka kuzunguka bomba lote, sio upande mmoja tu, msumeno hupenda kupinda. Kata, kisha piga msasa mdomo mpaka uwe sawa na usiwe na nyuzinyuzi.

Usikate saizi kamili mara ya kwanza. Kupunguza ni dakika mbili, kurefusha ni usumbufu.

Tahadhari: kata nje au dirisha likiwa wazi, vumbi la PVC sio la kuvuta. Na mabaki usiyachome jikoni wala usiyapashe moto kuyakunja, moshi wa PVC una asidi, unakwangua koo na mapafu.

## Hatua ya 4: Lipige bila kuliziba, ndo usome

Hapa ndo watu wanaharibu vipimo. Shika bomba katikati, mbali na midomo, ulipige ubavu kwenye blanketi lililokunjwa au kwenye paja lako. Simu iwe kama sentimita 30 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isikae mbele ya mdomo. Kiganja au simu ikisogea karibu na mdomo inaubana ule mkia wa hewa usitikisike kwa uhuru, nota inashuka. Jaribu makusudi: piga huku kiganja kikiwa sentimita 2 kutoka mdomoni, utasikia inavyozama.

Wale wa kupiga mdomo kwa ndala, ni njia nzuri na ina kelele tamu, ila sio wakati wa kupima. Ndala ikigusa na kubaki pale umeziba upande mmoja, na bomba lililozibwa upande mmoja linashuka karibu oktavo nzima. Lile la do linaenda kama 134 Hz. Nimeshapigiwa simu na mtu analalamika kipimo chake "kimepungua nusu", kumbe ndala.

Kosa lingine liko kwenye app. Simu ikirekodi sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde na app ikachambua sampuli 2,048 kwa mkupuo, hatua ya kusoma inakuwa Hz 23, wakati kutoka do mpaka re ni Hz 32 tu, sasa hapo utatyuni nini. Ingia kwenye mipangilio uongeze sampuli mpaka 16,384, hatua inashuka kuwa kama Hz 3. Piga mara tano, chukua namba inayojirudia.

Utajua umefaulu: kwenye grafu kuna kilele kimoja kirefu, na kingine karibu na mara mbili yake. Kilele kikihamahama kila ukipiga, mkono wako uko karibu na mdomo.

## Hatua ya 5: Punguza kidogo kidogo

Kwa nyuzi 20, gawa 171,700 kwa Hz ulizosoma, unapata urefu wa hewa kwa milimita. Mfano do uliyoikata 638: app inasema 257.8. Ukigawa unapata 666. Do sahihi inataka 656. Kwa hiyo toa milimita 10, kwisha habari.

Na hapohapo umepata zawadi. Hewa 666, plastiki 638, tofauti ni 28: huo ndo mkia halisi wa bomba LAKO, umeupima mwenyewe. Ukipata 26 au 30 tumia hiyo kwa vipande vingine vyote, achana na yangu.

Ile 171,700 ni nusu ya spidi, kwa milimita. Joto likiwa tofauti, badilisha.

Ukikaribia acha msumeno, tumia msasa. Kwenye do ya juu milimita moja ni kama senti 5, na sikio la mwanakwaya linaanza kulalamika ukifika kumi hivi.

## Hatua ya 6: Uone mkia kwa macho yako (ukitaka)

Sio lazima ila usiiruke, inachukua dakika tano. Toboa tundu katikati ya kadibodi kubwa, lingane kabisa na nje ya bomba, kisha lipachike kwenye mdomo mmoja wa do ya juu, kadibodi ikae usawa na ukingo.

Piga. Nota imeshuka na hujagusa plastiki! Kwa sababu kadibodi inazuia hewa isizunguke nyuma ya mdomo, mkia unarefuka kutoka 0.61 kwenda 0.82 ya nusukipenyo. Kwa ukuta usio na mwisho do ya juu ingetoka 523 mpaka kama 516. Boksi lako lina mwisho, kwa hiyo itashuka pungufu ya hapo, ila itashuka.

Ndo maana pia usitengeneze stendi nzuri ya mbao yenye matundu, ukapachika mabomba midomo ikiwa usawa na ubao, halafu ukashangaa mbona yamelegea. Tyuni yakiwa kwenye stendi.

## Hatua ya 7: Geuza ubavu

Hii ndo sehemu naipenda kuliko zote na ndo inayobishiwa zaidi. Watoto wote, bila kufundishwa, wanaelekeza mdomo wa bomba kwa watu kama tarumbeta. Kwa bomba lililo wazi pande mbili likipigwa ubavu, hapo ndo pabaya kuliko pote.

Fikiria matundu mawili ya pua. Kwenye nota ya msingi (ile ya chini kabisa ya bomba), midomo yote miwili inatoa hewa kwa pamoja na kuvuta kwa pamoja. Sasa midomo hiyo imeachana kwa nusu ya urefu wa wimbi, maana bomba zima la hewa ni nusu wimbi. Mtu aliyekaa ubavuni yuko umbali sawa na midomo yote, misukumo miwili inamfikia pamoja, inajumlishana. Mtu aliyekaa mbele, kwenye mstari wa bomba, anapata sauti ya mdomo wa karibu, na ya mdomo wa mbali inamfikia imechelewa nusu wimbi: mmoja anasukuma wakati mwingine anavuta. Zinafutana karibu zote.

Pima hivi. Nenda uwanjani asubuhi kabla ya upepo, mbali na kuta, simu iwe mita 2 hivi. Mwenzako apige do mara kumi ubavu ukiitazama simu, halafu mara kumi mdomo ukiitazama. Angalia kilele cha 262 tu, sio kelele yote. Mara ya kwanza nilidhani simu imekufa: mbele ya mdomo ule mgongano "ta!" unasikika vizuri tu, ila do yenyewe imeyeyuka. Nikamwambia binti anayepiga ageuke, do ikarudi.

Wanaouliza kwani mdomo mwembamba hauelekezi sauti kama tochi: unaelekeza, ila kwa sauti za juu. Mpaka ni pale urefu wa wimbi unapolingana na mzingo wa mdomo. Kwa bomba hili ni kama Hz 2,400. Chini sana ya hapo kila mdomo peke yake unamwaga sauti pande zote. Tena unamwaga kidogo: kila wimbi la do likifika mdomoni, kama asilimia 1 tu ya nguvu yake inatoka nje na iliyobaki inarudi ndani, do ya juu kama asilimia 5. Kurudi huko ndiko kunakofanya bomba liimbe. Lingeachia yote ungesikia "pu" basi.

Utajua umefaulu: watoto wamesimama mabomba yakilala ukingo kwa ukingo kuelekea watu, sio yakiwanyooshea.

## Hatua ya 8: Ndoo, nguzo, ukuta na bati

Kanuni hapa ni moja: linganisha ukubwa wa kitu na urefu wa wimbi. Do ina wimbi la mita 1.3, do ya juu sentimita 66, na toni ya Hz 8,000 ina sentimita 4 tu na ushee.

Chukua kipande cha bomba kilichobaki, weka spika ya blututhi mdomo mmoja, simu ya pili mita moja mbele ya mdomo mwingine. Cheza 500 Hz, soma. Weka ndoo ya maji katikati, soma tena. Karibu hakuna kilichobadilika, wimbi limeizunguka ndoo kama maji ya mto yanavyozunguka jiwe dogo. Sasa cheza 8,000. Ukiweka ndoo, kipimo kinaanguka, kuna kivuli kabisa, na ukizunguka ndoo na simu utakuta sehemu ambazo sauti imetupwa pembeni.

Toni moja ndani ya chumba ina madoa ya kelele na ya ukimya, kwa hiyo simu isogeze-sogeze sentimita 10 kila upande, chukua wastani. Na simu zingine zinajirekebisha sauti zenyewe, ukiona namba hazishuki hata ukifunika maiki kwa mto, tafuta simu nyingine.

Kitu kikiwa kidogo sana kuliko wimbi, tuseme chupa ya maji ya nusu lita, ukipandisha frikwensi mara mbili nguvu inayotawanywa inaongezeka mara 16. Inaonekana kubwa, ila mara 16 ya kidogo mno bado ni kidogo, usihangaike kuondoa chupa jukwaani.

Kwa hiyo nguzo ya ukumbi ya sentimita 30 haimzuii aliyekaa nyuma yake kusikia do. Inamzuia kusikia "s" na "t" za maneno, ndo maana wa nyuma ya nguzo wanasema "tunasikia muziki ila hatuelewi mnachoimba". Wasogeze waimbaji, mabomba yakae popote.

Bati la migongo nalo: mawimbi yake yameachana kama milimita 76. Kwa do hilo ni kama kioo bapa, sauti inarudi chini nzima. Kuanzia kama Hz 4,500 kwenda juu migongo inaanza kuitawanya huku na huku. Ukuta mtupu ulio mita 17 nyuma unarudisha mwangwi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na wapiga mabomba wakisikiliza mwangwi huo badala ya kumtazama mwalimu watachelewa wote. Pazia zito au safu ya watu mbele ya huo ukuta inasaidia.

Mdomo wa bomba usiwe karibu na ukuta chini ya upana wa kiganja, umeona kwenye hatua ya 4 kwa nini.

## Ukikata fupi, au ukihamia Moshi

Zungushia karatasi ngumu mdomoni, ibane kwa gundi ya utepe lakini iweze kuteleza, iwe kola inayotoka nje ya plastiki. Ukikata fupi milimita 4, vuta kola 4. Ndani ya kola kuna ngazi ndogo ya unene wa plastiki, kwa hiyo kagua kwa app.

Kola hiyohiyo ndo dawa ya safari. Mabomba uliyotyuni Arusha kwa nyuzi 20 ukiyapiga Moshi mchana wa Februari kwenye nyuzi 30, yote yanapanda kama senti 30. Yenyewe kwa yenyewe yanaelewana, maana yamepanda kwa uwiano mmoja, ila kinanda cha umeme hakijui habari za joto na mtagombana naye ibada nzima. Vuta kola ya do milimita 12, so milimita 8, do ya juu milimita 6, zilizobaki pima katikati yake. Na yaache mabomba ukumbini nusu saa kabla ya kutyuni, sio kuyatoa kwenye buti la gari lililoshinda juani na kuanza kupiga hapohapo.